Mwanangu wa miaka 10 alikutwa na mafuta kwenye ini, na mfuko wa jioni nilikuwa naubeba mimi

Ntaanza na shingo. Karibu mwaka mzima tulikuwa tunagombana na dogo kuhusu shingo yake, nyuma pale ilikuwa nyeusi kuliko mwili wote, ngozi imekuwa nene kidogo na laini kama velveti, na kwapani hivyohivyo. Sisi tukajua ni uchafu. Akitoka kuoga mama yake anamkagua, anamrudisha, "rudi ukasugue shingo." Siku moja nikamshika mwenyewe, nikachukua brashi na sabuni nikasugua mpaka pakawa pekundu, dogo analia anasema "baba nimeoga kweli, haitoki." Nikamwambia aache uvivu.

Sasa siku tumekaa mbele ya daktari wa watoto, kilichotupeleka ni maumivu ya tumbo upande wa kulia, hayakuwa makali ila yalikuwa yanakuja na kuondoka, na uchovu, anatoka shule analala kama mtu aliyebeba mizigo. Yule daktari hata kabla hajamgusa tumbo akamwambia ageuke, akaangalia shingo, akaniuliza hii ina muda gani. Nikaanza kujitetea, nikamwambia dokta tunamsugua lakini haitoki. Akatabasamu kidogo, akasema baba, huo sio uchafu, hiyo ni insulini. Yani mwili umeacha kuisikiliza insulini vizuri, kongosho linatengeneza nyingi zaidi na zaidi ili sukari ikae sawa, na hiyo insulini iliyozidi inaifanya ngozi ya sehemu za mikunjo ikue na kuwa nyeusi. Nikamwangalia dogo. Hakusema kitu, alikuwa anaangalia viatu vyake. Na mimi sikusema kitu mpaka tumefika kwenye gari ndo nikamwomba msamaha wa ile brashi, akanijibu tu "si nilikwambia."

Damu ikachukuliwa, ALT ikatoka 88. Kwa wasioijua, ALT ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya seli za ini, seli zikiumia kinavujia kwenye damu, kwahiyo kikipanda kwenye damu maana yake huko ndani kuna kitu kinaumizwa. Mimi ni mtu wa kutunza makaratasi, nikarudi nyumbani nikafukua faili, nikakuta kipimo alichofanyiwa akiwa na miaka 8 wakati wa homa moja hivi, ALT 41. Pembeni maabara wameandika kiwango cha kawaida mwisho 45, na alama ya kwamba hakuna shida. Nikafurahi nikajua basi tatizo ni jipya. Nilipompelekea daktari akatikisa kichwa. Kumbe vile viwango vinavyochapwa pembeni ya majibu mara nyingi ni vya watu wazima, tena wakubwa ambao wengine wao wenyewe wana mafuta kwenye ini bila kujua. Kwa mtoto wa kiume wataalamu wa ini la watoto wanahesabu mwisho ni 26 hivi, kwa wa kike 22. Kwahiyo ile 41 iliyopita kimyakimya ilikuwa tayari imezidi, na ikivuka 80 wao wanaacha kusubirisubiri wanaanza kuchunguza haraka. Miaka miwili ile karatasi imelala kwenye faili langu inasema yuko sawa. Kwakweli hilo bado linaniuma, ila sina wa kumlaumu, aliyeisoma aliisoma kama ilivyoandikwa. Ninachofanya sasa ni kuwaambia wazazi wenzangu, kama mtoto wako uzito umezidi sana, mwombe daktari apime ALT akifika miaka 9 mpaka 11, ndivyo miongozo ya wataalamu wa Marekani Kaskazini ya mwaka 2017 inavyosema, halafu uliza namba yenyewe ni ngapi, usiridhike na neno "kawaida".

Ultrasaundi ikaonyesha ini linang'aa. Yule mpimaji akanigeuzia skrini akanionyesha ini na figo, kawaida vinatakiwa kufanana rangi kwa karibu, la dogo lilikuwa jeupe kabisa pembeni ya figo jeusi. Lakini daktari hakukimbilia kusema ni mafuta tu basi nendeni. Alitaka kwanza aondoe mengine, homa ya ini B na C, kinga ya mwili kulishambulia ini lenyewe, na ugonjwa mmoja wa kurithi unaitwa Wilson ambao madini ya shaba yanajikusanya kwenye ini. Alisema kosa baya ni kumwona mtoto mnene, ukadhani umeshapata jibu, kumbe ana kitu kingine kinachohitaji dawa yake. Hayo yote yakarudi safi. Basi ikabaki hiyo, ini lenye mafuta.

Kumpigia simu bibi yake kulikuwa na vituko. Kwenye karatasi iliandikwa lile jina la zamani, ugonjwa wa ini lenye mafuta usiotokana na pombe, nikamsomea vilevile, akanyamaza kidogo halafu akauliza, "kwani huyo mtoto anakunywa?" Nikacheka huku machozi yananilenga. Baadaye nikaja kujua kwamba mwaka 2023 wataalamu walilibadilisha hilo jina, sasa wanaliita kwa kutaja matatizo ya mwili kuchakata chakula, pombe haitajwi. Afadhali. Jina la kwanza ni kama unamsafisha mtoto na tuhuma ambayo hakuna aliyemtuhumu.

Sasa kuhusu mfuko. Mimi natoka kazini jioni, na tangu dogo anaanza kutembea nilikuwa narudi na kamfuko, soda moja yake, moja ya mdogo wake, biskuti au keki, wakati mwingine juisi ya boksi. Akisikia geti tu anakuja mbio, anaupokea, anachungulia. Ndo ilikuwa furaha yangu ya siku, nikichelewa usafiri nawaza amekaa anasikiliza geti. Daktari aliponiuliza anakunywa nini kwa siku nikaanza kutaja, juisi asubuhi kabla ya shule, ya shuleni, na ya kwangu jioni, na wikiendi sihesabu. Akaniambia nenda nyumbani ufanye kitu kimoja, soma lebo, halafu pima sukari yake kwa kijiko uiweke kwenye sahani.

Tukafanya wote mezani. Kopo la mililita 330 lina sukari gramu 35 hivi, kijiko cha chai ni gramu kama 4. Dogo akashika kijiko mimi nahesabu. Kufika cha tano akaniangalia kama vile nimekosea hesabu. Tukafika karibu tisa. Kile kilima cha sukari kikakaa pale katikati ya meza, mdogo wake akataka kulamba, mama yao akakisogeza. Halafu tukapima juisi ya boksi, ile tuliyokuwa tunaona ni ya afya kwasababu ina picha ya tunda. Haikupishana sana. Mezani pakawa kimya.

Nilivyoelewa mimi ni hivi: ile sukari ya vinywaji nusu yake ni fruktosi, na fruktosi tofauti na sukari nyingine sehemu kubwa inakwenda kumalizikia kwenye ini. Ikija kidogokidogo ndani ya tunda zima, na nyuzinyuzi zake, ini linaimudu. Ikija kama mafuriko, mara tatu kwa siku, ini linaigeuza mafuta na kuyaweka hapohapo. Ukizidi asilimia 5 ya mafuta kwenye ini tayari unahesabika. Na ini lenyewe ndani halina mishipa ya kuhisi maumivu, kinachouma ni ule utando wa nje ukivutwa, ndio maana watoto wengi wanakaa nalo bila kulalamika hata siku moja. Wengine linabaki hivyo, wengine linavimba na kuweka makovu, na sio kwamba lazima uwe mzee.

Hapa ndo nilipoharibu, na naandika hii hasa kwasababu ya hapa.

Nilitoka kule na hofu nikaamua kupambana na mtoto. Nikanunua mzani nikampima kila asubuhi. Nikaweka kufuli kwenye kabati la vitafunwa, vitafunwa vyenyewe vilibaki mle ndani kwa ajili yangu na mdogo wake ambaye ni mwembamba. Yani mezani sisi tunakula kama kawaida, yeye ana sahani yake ya mboga. Na soda yangu nikawa nakunywa nje kwenye gari kabla sijaingia ndani, mtu mzima na familia yake amejificha kwenye gari anakunywa soda. Nikampigisha mbio asubuhi, analia, mimi naona anadeka. Nikanunua pia unga wa mitishamba wa kusafisha ini, mtu alinihakikishia.

Wiki ya nne mama yake anafua, akakuta karatasi za biskuti zimekunjwa vizuri ndani ya soksi za shule. Tukaangalia chini ya godoro, zaidi. Kwenye begi, zaidi. Mzani ukawa umeongezeka kilo moja na nusu. Nilitaka kufoka, mama yake akaniwahi akanivuta nje akaniambia, "wewe unamfungia kabati, funguo unayo mfukoni na mdomoni una makombo." Sikuwa na jibu.

Kurudi kwa daktari nikamwambia ukweli wote, na ule unga nikauweka mezani. Unga aliuchukua kwanza. Akasema kwa mtoto mwenye ini linaloumia hicho ndo kitu cha mwisho kumpa, kuna mitishamba na virutubisho kibao ambavyo vyenyewe vinaunguza ini, na hujui ndani kuna nini. Nikamuuliza basi si kuna dawa, maana nimesoma Marekani mwaka 2024 wameidhinisha moja inaitwa resmetirom. Akasema ile ni ya watu wazima ambao ini lao limeshaanza makovu ya kati mpaka makubwa, na hata hao wanaambiwa waendelee na chakula na mazoezi. Kwa mtoto hakuna kidonge kilichoidhinishwa kwa ajili ya hili. Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea, "na wewe baba, umepima lako?"

Sikuwa nimepima. Nilipopima nikakutwa nalo, tena langu limeng'aa kuliko la dogo.

Ndo akanielezea utafiti mmoja wa Marekani uliotoka 2019, walichukua vijana 40 wa kiume wa miaka 11 mpaka 16 wenye ugonjwa huu, nusu wakaendelea na chakula chao cha kawaida, nusu wakapunguziwa sukari ya kuongezwa na ya juisi mpaka chini ya asilimia 3 ya nguvu yote wanayokula, wiki 8 tu. Waliopunguziwa, mafuta kwenye ini yalishuka kutoka asilimia 25 mpaka 17, wale wengine yalibaki palepale, 21 mpaka 20. Mimi nikashika hizo namba, yeye akasema hapana, usikilize walifanyaje. Chakula walipelekewa familia nzima. Sio yule kijana na sahani yake pembeni, nyumba nzima ilikula kile kile.

Basi kufuli likatoka. Vile vilivyokuwa kabatini vikatoka pia, vyote, na mimi nikatoka kwenye gari. Mzani ukaenda juu ya kabati, daktari alisema mtoto anayekua hatuna haja ya kumshusha kilo haraka, kupungua kwa kasi kunaweza kuliumiza ini zaidi, kama uzito ukitulia palepale na yeye akarefuka inatosha kwa kuanzia. Hilo lilinipunguzia presha kuliko kitu chochote. Tukaanza na vinywaji peke yake, mwezi mzima hatukugusa kingine. Maji, na maziwa yasiyo na sukari, basi. Siku kumi za kwanza sitaki kuzikumbuka, na mgonjwa hakuwa dogo, alikuwa mimi, kichwa kinagonga, hasira, nagombana na kila mtu ofisini. Dogo akawa ananiuliza jioni "baba leo umekunywa?" kwa sauti ileile niliyokuwa namuuliza mimi. Nilimdanganya mara moja, akanusa shati langu. Sijui alinusa nini maana soda haina harufu ya maana, ila nilikiri.

Mwezi wa pili tukaingia kwenye chakula, hapo ntapita haraka maana hakuna maajabu. Vya kukaanga vikawa vya siku moja moja, mboga ikawa nusu ya sahani ya kila mtu, tunda likaliwa badala ya kukamuliwa, kifungua kinywa kikawa cha kushiba kweli, mayai au maharage, ili saa nne shuleni asiwe anatetemeka kwa njaa. Mke wangu ndo alibeba mzigo huo na alibeba bila makelele.

Kilichokuwa kigumu ni mazoezi. Wanasema watoto wanahitaji dakika 60 kwa siku za kujishughulisha mpaka moyo uende mbio kidogo, mimi nikazitafsiri kama adhabu ya kukimbia. Dogo alichukia kukimbia kwasababu kila akikimbia na wenzake anakuwa wa mwisho na wanamwita bonge, na mpira walikuwa wanamweka golini kwa ajili ya kuziba nafasi tu, sio kwamba anadaka. Tukaacha mbio, tukaanza kutembea baada ya chakula cha jioni, mimi na yeye, nusu saa, hatuelekei popote. Kwenye kutembea gizani ndo alianza kuniambia vitu. Kwamba zile biskuti alikuwa anakula chooni shuleni. Kwamba aliposikia neno ini alidhani atakufa na hakuna aliyemuuliza. Mwezi mzima mtoto analala na hilo peke yake, mimi nahangaika na mzani.

Usingizi nao uliingia humo, saa tatu usiku simu zote zinalala sebuleni na ya kwangu ikiwemo, umri wake anahitaji masaa 9 mpaka 12 ya kulala. Nilikuwa sijui kama kulala vibaya kunaongeza njaa ya vitu vitamu, ila nilikiona kwa macho, akilala masaa kumi, asubuhi yake haulizi biskuti.

Ndugu walisema, bila shaka walisema. Mnamnyima mtoto. Bibi yake alikuja na boksi zima la juisi kwenye begi, na hakuna anayeweza kumwambia bibi arudishe zawadi mlangoni. Dogo mwenyewe akaenda kuleta sahani na kijiko, akamwambia bibi kaa hapa nikuonyeshe. Kufika kijiko cha sita bibi akasema "ebu ishia hapo", na lile boksi aliondoka nalo, sijui alimpa nani.

Namba sasa, maana najua mtaniuliza. Miezi mitatu ALT ikashuka kutoka 88 kwenda 61. Miezi sita 44, uzito wake ulikuwa umeongezeka nusu kilo tu na amerefuka sentimita tatu, suruali za shule zikawa fupi kabla hazijabana. Halafu ikaja likizo ndefu, wageni, sherehe, tukalegea wote, ikapanda 57. Nilivunjika moyo, daktari hata hakushtuka, akasema ini la mtoto linasamehe haraka na linakasirika haraka, rudini mlikokuwa. Kipimo cha mwisho 35. Bado haijafika 26. Shingo imeanza kufifia ila haijaisha, na hakuna mtu anayeigusa. Mimi langu sijui, narudia mwezi ujao, na sukari yangu ya damu wanaifuatilia pia.

Ile tabia ya geti haijafa. Miezi ya kwanza nilikuwa narudi mikono mitupu naona aibu, dogo anakuja mbio anasimama, tunaangaliana kama watu waliosahau walichotaka kusema. Juzi nikarudi na mfuko. Akaupokea akaupima kwa mkono, akaona ni mwepesi, akachungulia. Glavu za kipa na pampu ya mpira. Siku hizi golini anasimama kwa kutaka mwenyewe, amejifunza kujirusha, anarudi na vumbi mpaka masikioni. Akavaa palepale mlangoni, zilikuwa kubwa kidogo, akaninyanyulia mikono miwili akaniambia "baba nenda kule unipigie." Nikamwambia ngoja nivue viatu vya kazini. Akasema hapana, piga hivyohivyo.